Pini ya Tela

Mwaka huu nimeulizwa mara tatu kama ninauza tela langu, na mara zote nimejibu kwamba siuzi, ingawa mke wangu angefurahi likiondoka pale chini ya mwembe. Yeye anasema likikaa pale linamkumbusha. Mimi nasema ndiyo maana lazima likae. Jibu zuri hilo, bwana, la mtu anayetaka kuonekana mwema. Naandika haya kwa sababu nimelitafuta jambo jema nililolifanya katika habari ya tela hili, na kila nikidhani nimelipata, nakuta gharama yake ililipwa na mtu mwingine.

Nianze na chombo chenyewe. Pikipiki yangu ni ya Kichina, cc 150. Pikipiki za aina hii huingia nchini zikiwa vipande ndani ya maboksi, mafundi wakaziunganisha huku huku, kwa hiyo wengi wetu hapa Ruangwa tunapanda vitu vilivyowahi kutawanywa sakafuni. Yangu niliinunua kwa mtu, imeshatumika, na sikuiacha ilivyo hata wiki moja. Nilitoa sproketi ya nyuma nikaweka yenye meno mengi zaidi, maana nilitaka nguvu ya kuvuta mlimani, mbio sikuzihitaji. Nikabadilisha shokapu. Nikachomelea vyuma kwenye keria. Halafu msimu mmoja wa korosho nikachoka kuwalipa watu wa kunibebea magunia kutoka shambani hadi ghala la AMCOS, na fedha ya kununua toyo sikuwa nayo. Nikamwambia fundi wangu wa kuchomelea: tutengeneze tela.

Tulilimaliza kwa jioni tatu. Magurudumu yalitoka kwenye toyo lililokufa, ekseli tukaikata kuifupisha, fremu ya skwea paipu, sakafu ya mbao za mwembe. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi ya simu na kuuliza maswali mengi kuliko fundi alivyopenda. Lakini niseme ukweli, sijawahi kumiliki kitu kwa namna ile. Shamba nimerithi kwa mjomba. Nyumba nimejenga kwa mkopo, na mpaka leo nikiegemea ukuta wake nahisi naegemea mali ya benki. Tela lile nalijua kila chomeleo lake, najua lipi lilirudiwa mara mbili na kwa nini. Jioni ya tatu tulipolifunga kwenye pikipiki na kulizungusha uwanjani bila mzigo, nilicheka peke yangu kama mtoto aliyetengeneza gari la waya.

Kijana anayemsaidia fundi ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake vigari vya Kiingereza vinavyounganishwa nyumbani. Chimbuko lake ni Lotus Seven ya Colin Chapman, iliyoanza mwaka 1957. Uliweza kuinunua ikiwa vipande ukaiunganisha mwenyewe, na watu wengi walifanya hivyo kwa sababu wakati ule Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi kwenye gari zima, lakini vipande ulivyounganisha mwenyewe vilipona. Mwaka 1973 haki ya kuitengeneza ikahamia Caterham, na hadi leo wapo wanaoiunganisha kwa mikono yao: kigari cha takribani nusu tani, hakina paa la maana, mwenyewe anabadilisha breki, anabadilisha injini, na akienda mashindanoni anakipandisha juu ya tela na kukivuta kwa gari jingine. Kijana akacheka. "Mwalimu, wenzako tela linabeba gari. Wewe lako linabeba korosho." Mimi nilikuwa natazama nyuso zao. Furaha ile naijua. Baadaye nilisoma kwamba kule kuna kampuni za bima zilizozoea vigari hivyo, na mwenye gari anatakiwa aorodheshe kila alichokibadilisha, hata matairi. Nikaona ni usumbufu wa watu wenye muda.

Na sisi wa huku si wageni wa mashine zilizogeuzwa. Jirani zetu wa Nachingwea bado wanasimuliana ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa 1951. Kwa ajili ya mpango ule kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani ikavigeuza matrekta, yakaitwa Shervick. Kifaru kilime karanga! Mpango ulikufa, pauni zipatazo milioni 36 za Waingereza zikafutwa kwenye vitabu, na hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea ikang'olewa miaka ya 1960. Huwa najiambia kwamba anayebadilisha mashine na anayeishi karibu na mashine iliyobadilishwa mara nyingi si mtu mmoja. Nilikuwa najiambia hivyo kuhusu Waingereza tu.

Sasa tuje kwenye bima, maana ndiko nilikoanza kukosea.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inataka chombo kinachotembea barabarani kiwe angalau na bima ya mtu wa tatu. Ndiyo hii tunayoiita bima ndogo. Muulize dereva yeyote wa bodaboda hapa mjini anaikata kwa ajili ya nani, atakwambia kwa ajili ya trafiki. Nami ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Lakini litazame jina lenyewe. Mtu wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni. Wa tatu ni nani? Ni yule ambaye hujakutana naye bado. Mkataba mzima unamhusu yeye, na yeye ndiye pekee asiyekuwepo mezani. Wawili wanakaa wanazungumza habari za mguu wake, yeye yuko nyumbani anamenya mihogo.

Nilikwenda kwa wakala kukata bima. Akauliza matumizi ni binafsi au biashara, nikasema binafsi. Akauliza kama kuna mabadiliko yoyote kwenye chombo au kama kinavuta chochote. Nikasema, "Hamna." Sikutafakari hata kidogo, ndugu msomaji, nisikudanganye. Nje kulikuwa na jua, nilikuwa na kipindi saa nane, na nilijua kwamba nikitaja tela yataanza maswali mengine. Matela ya malori yana namba zake za usajili na bima zake. Langu lilikuwa na rangi ya bluu tu. Wakala hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Pikipiki ilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni, ndoano ya kuvutia imechomoza nyuma kama mkia. Dakika tano nikawa nimemaliza, mambo safi.

Ajali yenyewe ilitokea Novemba, katikati ya msimu. Pini ya kuunganisha tela na pikipiki ilikuwa imepotea, nikaweka kipande cha nondo nilichokikunja ncha. Fundi alikiona. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni ya leo tu. Kesho pita nikupe pini." Kesho ile ilikuwa na siku nane. Siku ya nane nilikuwa nateremka na magunia matano, na kwenye mteremko pikipiki ikawa nyepesi ghafla, kama mtoto uliyembeba mgongoni ameruka chini. Nilijua kabla sijageuka. Tela lilikuwa limeshika njia yake, linakwenda pembeni ya barabara, na pembeni alikuwa mama mmoja mtu mzima na beseni lake kichwani. Lilimpiga mguuni, likapinduka, gunia moja likamwangukia juu ya mguu uleule. Muundi ulivunjika mara mbili.

Watu walijaa. Wakamtandikia kanga, wengine wakaokota korosho zangu zilizomwagika na kuzirudisha kwenye gunia, jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanibana koo. Kijana mmoja wa bodaboda, niliyemfundisha darasa la sita, akanivuta pembeni. "Mwalimu, tela tulisukume kule kwenye mikorosho kabla trafiki hajafika. Wewe sema pikipiki ndiyo iliyomgonga. Pikipiki ina bima. Mama atalipwa." Hakuwa akijaribu kuniokoa mimi, naomba hilo lieleweke. Alimtazama yule mama pale chini akaona njia fupi kuliko zote ya kumfikishia fedha. Na kaka yake mama, aliyefika mbio kutoka shambani, alisikia, akatikisa kichwa kukubali. Mama mwenyewe alikuwa anasikia.

Trafiki alipouliza nini kimemgonga, nilisema tela.

Ningependa kusema niliupenda ukweli. Nadhani kilichonisemesha ni zile nyuso. Nusu ya vijana waliosimama pale niliwafundisha mimi, na nilishindwa kudanganya mbele yao. Huenda hiyo ni adili, huenda ni majivuno tu yaliyovaa kanzu. Mambo ya polisi, PF3 na faini sitayaeleza, yalikwenda kama yanavyokwenda. Kampuni ya bima ilijibu kwamba kilichosababisha madhara hakimo kwenye mkataba. Ndugu mmoja anayejua sheria aliniambia tungeweza kwenda mahakamani, kwamba kuna namna mtu wa tatu analindwa hata pale mwenye chombo alipokosea. Nikampelekea mama habari hiyo kama zawadi. Akasema kesi ni za watu wenye nauli.

Alipelekwa Ndanda, akawekewa chuma. Nilipokwenda kumtazama aliporudi nyumbani, amekaa mkekani, mguu ameunyoosha, alinikaribisha vizuri, akaagiza niletewe maji. Kisha akaniuliza, bila hasira: "Mwalimu, ule ukweli uliusema kwa faida ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikunywa maji.

Mtu wa vitabu akibanwa hukimbilia vitabuni. Nilimkimbilia Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akija mlangoni kukuuliza alipojificha rafiki yako, huna haki ya kumdanganya. Nilifarijika siku mbili. Siku ya tatu nikaona mwenye nyumba wa Kant anaulizwa kwa mara ya kwanza. Mimi nilishaulizwa. Niliulizwa ofisini, kwenye kiti cha plastiki, wala hapakuwa na muuaji mlangoni, na nikadanganya ili niwahi kipindi. Ukweli wa siku ile ungenigharimu mimi: fedha kidogo, safari nyingine, labda kuambiwa tela hilo lisikanyage barabara. Ukweli wa mteremkoni ulikuwa jibu la pili kwa swali lilelile, na bei yake ilikuwa imehamia kwa mtu mwingine. Siku hizi nikisikia mtu anasifiwa kwa kusema ukweli, huwa natamani kujua alichelewa kiasi gani.

Kisha nikapata utetezi mwingine, mzuri zaidi. Mwaka 1766 jijini London, Jaji Mansfield aliamua kesi ya Carter dhidi ya Boehm. Carter alikuwa gavana wa Fort Marlborough, ngome ya Waingereza huko Sumatra. Alikata bima dhidi ya ngome kutekwa na adui wa kigeni, na kweli Wafaransa wakaja mwaka 1760 wakaiteka. Aliyetoa bima akagoma kulipa: gavana alificha kwamba ngome ni dhaifu. Mansfield akaweka msingi ambao sheria za bima zimeusimamia kwa karne mbili na zaidi, kwamba mwenye bima anajua mambo ambayo mtoa bima hawezi kuyajua, kwa hiyo aseme bila kuficha. Watu wanaukumbuka msingi huo na kusahau kwamba aliyeshinda kesi ni gavana. Hoja ikawa kwamba mtoa bima alijua au angeweza kujua hali ya ngome za namna ile, na hakuuliza. Umeona? Hatua kumi kutoka mlangoni! Wakala angesimama tu angeona ndoano.

Utetezi huo nilikaa nao muda mrefu, mtamu kama asali ya wizi. Ila mimi niliulizwa. Na pale Sumatra waliogombana walikuwa wawili, mwenye ngome na mwenye fedha. Hapakuwa na mama mwenye beseni.

Kuna jambo jingine lililonishtua katika kesi ile. Kanuni ya kusema bila kuficha ilihitajika kwa sababu London iko mbali na Sumatra. Kijijini kwetu umbali huo haupo. Kabla ya stika kulikuwa na ukoo, na ukoo haukuletei fomu, ukoo unakuona. Mjomba wangu mdogo aliliona tela siku ya kwanza akasema, "Hili litavunja mtu." Nikacheka. Mguu ulipovunjika ni yeye aliyewakusanya ndugu wakachanga, hawakuuliza tela liko kwenye mkataba gani. Mzee mmoja wa msikitini, ambaye miaka yote anasema bima hizi za kampuni zina kubahatisha ndani yake na hazitaki, alitoa elfu kumi. Sitaki kuupamba ukoo, maana unachoka. Kwa tela la pili wasingechanga. Lakini kwa mjomba siwezi kusema hakuniuliza, wala yeye hawezi kusema sikumwambia.

Hoja ya yule kijana wa bodaboda nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko ya Kant. Fedha za bima, alisema siku nyingine tulipokutana kijiweni, ni zetu sote tunaolipa, na zimewekwa kwa ajili ya mama kama yule hasa. Uongo wako ungezifikisha palepale zilipokusudiwa. Nikamjibu kwamba matela yetu yakiendelea kuvunja watu na kwenye karatasi yanaandikwa pikipiki, hakuna atakayejua kwamba matela yanavunja watu, na mama wa mwakani atagongwa na tela ambalo halipo popote. Nikamwambia pia wapo wenzake wanaolipia pikipiki safi, wasiovuta kitu, ambao ningewachukulia chao. Akanisikiliza, akasema, "Sawa Mwalimu. Nenda kamsomee mama hesabu hiyo."

Siwezi kumsomea. Naiamini hesabu hiyo, na siwezi kumsomea mtu mwenye chuma mguuni. Nilichobaki nacho ni imani ndogo tu: pale mteremkoni hapakuwa na jibu safi lililobaki, nililitumia lote ofisini, na kama nilichagua ukweli basi bei yake ilikuwa yangu kuilipa, kwa sababu yeye hakuuagiza. Msimu ule korosho zangu zilipouzwa mnadani na fedha kuingia benki, zilikwenda Ndanda zote. Msimu uliofuata, nusu. Mke wangu alisema kitu kimoja tu, kwamba angependa siku moja tujadili tela kabla ya kulitengeneza.

Nilirudi kwa wakala. Safari hii nilieleza kila kitu: sproketi, shokapu, keria, tela, urefu wake, pini mpya yenye kufuli na mnyororo wa pili wa kuzuia likichomoka. Alinisikiliza kwa heshima, akapekua kwenye kompyuta, akasema ya pikipiki ameyaandika, ila la tela mfumo wake hauna mahali pa kulijaza. Kwa hiyo nimesema kweli tupu, na tela bado halina bima. Nikalivuta hadi chini ya mwembe nikalifunga pale.

Oktoba iliyopita mjukuu wa yule mama alikuja: bibi anasema uje na tela, ana magunia matatu na vijana wa toyo wanataka bei ya msimu. Nilikwenda bila tela, kumweleza. Nilimwambia habari ya wakala na mfumo, kwamba chombo hiki hakina bima, kwamba kikimdhuru mtu hakuna wa kulipa ila mimi.

"Mara ile lilikuwa nayo?" akauliza.

Nikarudi nyumbani nikalifungua, nikalifunga kwenye pikipiki, nikaenda. Tulipomaliza kupakia alisogea na fimbo yake, akainama polepole, mguu ule haukunjiki vizuri, akaishika pini kwa vidole akaitikisa. Akaitikisa tena. Akavuta mnyororo.

"Haya," akasema. "Tangulia. Mimi nakuja kwa miguu."

Niliendesha kwa gia ya kwanza njia nzima hadi ghalani, na kwenye kioo nilikuwa namwona nyuma yangu, katikati ya barabara, na fimbo yake.